Rubani wa Ng'ambo: Walifuata Chuma, Wakamwacha Mtu

Injini ilikuwa imezima, msomaji, na sisi tukakuacha hapohapo, juu ya milima ya Matogoro, Asumpta Ngonyani yuko peke yake ndani ya kindege cheupe na pangaboi limesimama wima mbele ya kioo kama kibarua aliyegoma.

Sasa tushuke naye.

Alijaribu tangi la kushoto. Kimya. Akahamia la kulia. Kimya. Akabonyeza swichi ya pampu ya akiba, ile inayosukuma mafuta pampu kubwa ikishindwa. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza moja kwa moja.

Kilichobaki ni upepo, unapiga mluzi kwenye mbawa.

"Usinifanyie hivi," aliiambia ndege. "Nakwambia, usinifanyie hivi!"

Uwanja wa ndege ulikuwa upande wa pili wa mji. Asingefika. Chini aliona msitu, kisha mawe, kisha mapaa ya bati, na pembeni mwa barabara shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, mabua yamelala. Fupi, na lina mteremko. Hakukuwa na jingine. Akainamisha pua ya ndege.

Hakusali. Alikuwa na hasira mno hata sala haikumjia. Kichwani mwake kulikuwa na jina moja tu: Romanus.

Miezi miwili nyuma, Asumpta alikuwa akiruka nyuma ya Romanus, rubani mwenzake, na masikio yake mwenyewe yalisikia sauti ya mwenzake redioni: "Injini imezima. Nakwenda chini." Baada ya hapo redio ilinyamaza. Wiki ile ile bosi wao, Leonce, akautangazia mji mzima kwamba Romanus alikuwa amelewa.

Magurudumu yaligonga tuta la kwanza, la pili, la tatu. Ndege ikaruka, ikatua tena, gurudumu la mbele likakatika. Ikasota kwa tumbo, ikaingia kwenye mihogo, ikasimama.

Asumpta alikaa. Alihesabu vidole vyake. Vyote vilikuwepo.

"Wewe! Wewe mwenye ndege! Toka humo!"

Mama mmoja wa makamo alikuwa anakuja mbio, kitenge kimekazwa kiunoni, jembe begani. Mariana ndilo jina lake, na shamba lilikuwa lake.

Asumpta alifungua mlango, akateremka. Akashika ubawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mihogo yangu!"

"Mama, injini imezima."

"Kwani mihogo yangu ndiyo iliyoizima?" Mariana alifoka. Halafu akaona damu inayomtiririka binti yule kutoka kwenye nyusi. Akatupa jembe chini, akavua khanga ya mabegani, akamkandamizia kwenye jeraha. "Kaa chini. Kaa, nimesema! Nitakugombeza ukiacha kutetemeka."

Kwa msomaji aliyetushika njiani leo, kazi ya Asumpta ni hii. Ng'ambo ya mto Ruvuma kuna vita. Huko zinatakiwa ndege ndogo za kubeba majeruhi na akina mama wajawazito. Karakana moja hapa Songea inazifufua ndege kuukuu, inazipaka rangi nyeupe, na marubani raia wanazivusha mpaka ng'ambo. Wakifika wanakabidhi ufunguo, wanadandia lori mpaka mtoni, wanavuka kwa kivuko, wanarudi nyumbani kwa basi na kibegi mgongoni. Hawana cheo wala bunduki. Mtaani wanaitwa madereva wa ndege, na wakifa hakuna bendera inayoshushwa.

Watu walishajaa shambani. Wengine waliacha baiskeli zao barabarani. Trafiki mmoja, afande Osmund, aliyekuwa zamu barabara ile ile, alifika na pikipiki akaanza kuwasukuma nyuma.

"Nyuma! Mafuta yanavuja! Nani huyo ana sigara? Izime!"

Ndipo gari la Leonce lilipofika.

Leonce alishuka na shati lake jeupe na miwani ya jua. Dereva wake, Victor, alibaki nyuma ya usukani. Leonce hakumtazama Asumpta. Hakuuliza damu ile inatoka wapi. Aliitazama ndege.

"Ifunikeni!" alipaza sauti. "Na nyie wenye simu, hakuna picha!"

"Bosi," Asumpta alisema, "injini imezima yenyewe."

Leonce akageuka. Akawaangalia watu, akaona wapo wa kutosha, akakohoa.

"Asumpta, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ulikunywa nini?"

"Rudia," Asumpta alisema polepole.

"Nakuuliza kama mkuu wako wa kazi. Ndege nzima haizimi yenyewe. Tumeshayaona kwa yule mwenzako. Jamani, aliye karibu naye amnuse mdomo!"

Ndege nzima haizimi yenyewe. Maneno hayohayo! Leonce aliyasema kwenye matanga ya Romanus kule Bombambili, mbele ya mjane, kikombe cha chai mkononi. Tangu siku ile mtoto wa marehemu alikuwa akiitwa shuleni mtoto wa mlevi. Tangu siku ile mjane, Brigita, aliacha hata kwenda kwenye sala za jumuiya, kwa sababu akiingia watu walikuwa wanakatisha mazungumzo.

Asumpta aliondoa khanga usoni. Damu ikashuka mpaka kidevuni. Hakuifuta.

"Afande," alimwita Osmund. "Kile kidude chenu cha kupima ulevi unacho?"

"Kipo kwenye pikipiki."

"Kilete. Nipulize hapahapa, hawa wote waone."

"Hakuna haja ya kufika huko," Leonce akadakia haraka.

"Haja ipo! Umetaka ninuswe kama mbuzi mnadani. Sasa nipimwe kama mtu!"

Osmund alileta kidude. Asumpta akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Osmund akasoma, akakiinua juu kama padri anavyoinua kikombe.

"Sifuri! Huyu hajaonja hata komoni."

Umati ukalipuka kwa vicheko. "Sasa apulize na yeye mwenye miwani!" Mariana alisema, na vicheko vikaongezeka.

Leonce hakucheka. "Basi ni uzembe," alisema. "Hakupima mafuta kabla ya kuruka. Mafuta yana maji."

"Nilipima."

"Nani alikuona?"

"Mimi nilimwona."

Aliyesema alikuwa Yohanes, fundi wa karakana, aliyekuwa anateremka kwenye bodaboda na sanduku lake la spana. Akaenda moja kwa moja chini ya ubawa, akafungua koki, akakinga mafuta kwenye chupa ya maji ya kunywa. Akaiinua juani. Mafuta yalikuwa safi, hayana hata tone la maji.

Asumpta alihisi hasira inampanda kutoka nyayoni. Pombe si pombe. Maji si maji. Basi ni nini?

"Yohanes, fungua injini."

"Asiguse mtu!" Leonce alikuja mbio. "Hiyo ni mali ya kampuni!"

"Ni mali ya kampuni na mimi nilikuwa ndani yake," Asumpta alijibu. "Afande, kuna ubaya nikiangalia kilichotaka kuniua?"

Osmund alikuna shingo. "Mimi ni wa barabarani, dada. Ya ndege siyajui. Ila kuangalia kwa macho sijasikia kama kumekatazwa."

Yohanes alisita. Akamwangalia bosi, akamwangalia Asumpta.

"Injini hii sijaifunga mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Ilikuja imeshafungwa, tumeishusha kwenye lori. Bosi akaniambia nipake rangi tu, nisifungue kitu."

"Fungua sasa."

Kifuniko kikatoka. Joto la injini likawapiga usoni. Asumpta aliingiza kichwa na mkono, akapapasa kufuata bomba la mafuta mpaka kwenye pampu. Ilikuwa imepasuka ubavuni, na mafuta yalikuwa yametapakaa kila mahali. Ilipakwa rangi ya kijivu, mpya, inang'aa. Lakini pale mafuta yalipoilowesha, rangi ilikuwa imeanza kubabuka, na chini yake kulikuwa na mikwaruzo.

Alichukua kitambaa. Akasugua.

I.

Akasugua tena, kwa nguvu.

D.

Herufi ya tatu hakuhitaji kuisugua. Alijua ni ipi.

Msomaji, Asumpta alikuwepo siku jina lile linaandikwa. Ukungu uliwafungia uwanjani yeye na Romanus, wakakaa chini ya mbawa wakinywa chai ya chupa. Romanus alikuwa amefungua injini ya ndege yake kuikagua, akaokota msumari, akaanza kukwaruza kwenye pampu. "Unaandika nini?" "Jina la binti yangu. Nikiwa juu, moyo wa ndege uwe unamtaja." Akacheka kwa aibu. Jina la binti yake ni Ida.

"Spana," Asumpta alisema. "Yohanes, nipe spana."

Aliing'oa. Akasimama katikati ya shamba na pampu mikononi, damu usoni, mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Bosi."

Leonce alikuwa amevua miwani.

"Bosi, ulituambia ndege ya Romanus imeungua yote. Ng'ambo, katikati ya mapigano, mahali ambapo hata ndege wa porini hafiki. Ulimwambia Brigita hakuna hata mfupa wa kuletewa. Mama wa watu ameomboleza picha ya ukutani! Hana kaburi la kupalilia! Hii ni pampu ya ndege ya Romanus, jina la Ida wake hili hapa. Imekujaje hapa? Imetembea?"

"Akina Ida wako wengi hapa Songea."

"Mlifika!" Asumpta alipiga kelele, na watu wa nyuma kabisa wakashtuka. "Mlifika pale! Mlifungua injini, nati moja moja, mkabeba! Mlifuata chuma, mkamwacha mtu! Halafu chuma hicho hicho kilichomuua mkaja kunifungia mimi!"

Hapo kelele zilizuka. Mtu akasema mkamateni. Mwingine akasema mchomeeni gari. Mariana alikuwa ameshaokota jembe lake.

Leonce alinyoosha mkono. "Nipe hiyo pampu."

"Njoo uichukue."

Hakwenda. Aligeuka, akatembea haraka kuelekea kwenye gari, akafungua mlango wa dereva.

"Victor, shuka. Nipe ufunguo, zunguka upande wa pili."

Victor alishuka, akampa ufunguo. Lakini hakuzunguka. Alibaki amesimama, mikono inaning'inia, midomo inacheza bila sauti.

"Panda, wewe!"

Victor akatikisa kichwa.

Leonce aliondoka peke yake, mlango haujafungwa vizuri. Osmund alimpungia asimame. Gari likampita kama halikumwona, likaingia lami, likashika njia ya Namtumbo kwa kasi ya kutisha. Osmund alitukana. Alikuwa peke yake, na mafuta yalikuwa yanavuja katikati ya umati. Asingeweza kuwaacha watu waungue.

Asumpta alimfikia Victor kwa hatua kubwa, akamkamata ukosi wa shati.

"Nani alikwenda kule?"

"Dada Asumpta, nisamehe."

"Nani alikwenda!"

"Mimi." Victor alikuwa ameanza kulia, mtu mzima mwenye ndevu. "Mimi na mafundi wawili wa kule lilikotoka lori la injini. Siku ya tatu baada ya kuanguka. Watu wa kule walitupitisha njia za porini."

"Na mwili? Mlishindwa nini kubeba mwili?"

Victor alifumba macho.

"Dada, hapakuwa na mwili."

Asumpta alimwachia ukosi. Wala hakujua kama amemwachia.

"Usiseme neno jingine," alimwambia. "Hapa siyo mahali pake. Kuna mtu mmoja mwenye haki ya kusikia kwanza, na yeye hayupo hapa."

Asumpta na Victor walikwenda Bombambili kwa bodaboda mbili. Mariana alimfunga Asumpta jeraha kwa khanga na kukataa kurudishiwa. "Nenda nayo," alisema. "Na yule mwenye miwani ukimpata, mwambie shamba hili lina mwenyewe."

Brigita, mke wa Romanus, alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amevaa nguo nyeusi tangu utosini hadi miguuni. Alipomwona Asumpta amelowa damu na mafuta, ungo ulimteleza.

"Asumpta! Umeanguka?"

"Nimeanguka, Mama Ida. Mimi mzima. Ida yuko wapi?"

"Shule."

"Vizuri. Kaa. Huyu ana neno la kukwambia, na akidanganya neno moja nitajua."

Victor alipiga magoti kwenye vumbi. Hakuambiwa apige.

"Shemeji," alianza, "tulipofika, ndege ilikuwa imevunjika mbawa. Haikuungua. Kaka Romanus hakuwemo. Wanakijiji walikuwa wamemtoa, wamemlaza kwenye machela ya miti, mguu umevunjika pabaya. Alikuwa anapumua. Alinitambua. Aliniita jina."

Mkono mmoja wa Brigita ulikuwa bado umeshika punje za maharage.

"Nikampigia bosi kwa simu ya wale watu. Nikamwambia yuko hai. Halafu akaniuliza, injini imepona? Nikasema imepona. Akasema, fungueni injini kwanza."

"Endelea," Asumpta alisema, meno yamebana.

"Wanakijiji ndio waliomvusha mto kwa mtumbwi, siyo sisi. Bosi akampangia chumba Nakapanya, uani kwa mama mmoja. Akamnyang'anya simu. Akamwambia polisi wanamtafuta, kwamba wapimaji wamesema alikuwa amelewa na atafungwa, kwa hiyo akae kimya mpaka mambo yapoe. Mguu haujaunga vizuri, hawezi kutembea. Mimi ndiye ninayempelekea dawa. Bosi alijua kaka Romanus akifungua mdomo, wale wanaonunua ndege watajua tunawauzia mizoga. Akaona afadhali awe marehemu."

"Miezi miwili," Brigita alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulimtisha Asumpta kuliko kelele. "Victor, wewe ulikuja hapa kwenye arobaini. Ulikula hapa. Nilikupakulia kwa mkono wangu."

"Ndiyo, shemeji."

"Ulikuwa umetoka kumwona lini?"

"Siku mbili kabla."

"Ananitaja?"

Victor alijiinamia mpaka paji la uso likakaribia ardhi.

"Kila nikifika anauliza kama umetuma salamu. Bosi aliniambia nimjibu hujatuma. Nimwambie umemkasirikia, unaona aibu, hutaki kusikia habari zake."

Kofi lilimpata kabla hajamaliza. La pili likamkuta anainuka. Asumpta hakumzuia. Brigita alipiga mpaka mkono wake ukachoka wenyewe, kisha akasimama anahema, akashika ile nguo nyeusi mabegani, akaivua, akabaki na gauni la maua alilovaa ndani, akaivua na ya kichwani, akaziangusha chini, akazikanyaga kwa miguu yote miwili.

"Nimemlilia mtu aliye hai!" alipiga yowe. "Mwanangu anatukanwa shuleni, mimi napita mtaani nimeinama, na mume wangu yuko Nakapanya anadhani nimemkataa!"

Majirani walianza kuchungulia juu ya uzio. Safari hii Brigita hakuinama.

"Yule Leonce yuko wapi?"

Victor alijifuta damu mdomoni. "Ndicho nilichotaka kusema, shemeji. Ameshika njia ya Namtumbo. Hana shughuli Namtumbo. Anakwenda Nakapanya. Aliwahi kuniambia, siku jambo hili likivuja, kaka Romanus anarudishwa ng'ambo siku hiyohiyo. Na kule akirudi vile alivyo, hawezi hata kukimbia risasi..."

Asumpta alishatoa simu. Namba ya mama mwenye nyumba kule Nakapanya, aliyoitaja Victor, haikupatikana. Akampigia afande Osmund, akamweleza yote; baada ya dakika chache Osmund akampigia.

"Nimeshawapigia wenzangu wa njiani," Osmund alisema. "Watamsimamisha. Lakini dada, kunipita bila kusimama ni kosa la faini tu, halitoshi kumfungia ndani. Watamchelewesha tu. Tunduru nao nimewaeleza, wanatafuta gari la kwenda huko. Ila ningekuwa mimi nina mtu wangu kule, nisingekaa kumsubiri polisi."

Asumpta alikata simu, akaangalia jua. Lilikuwa limepita utosini. Kwa gari, Leonce angefika kabla halijazama, hata akicheleweshwa. Wao kwa basi wasingefika leo.

"Mama Ida," alisema, "umewahi kupanda ndege?"

"Mume wangu ni rubani na sijawahi. Nitaanza leo."

Uwanjani Yohanes alikuwa ameshawatangulia. Asumpta alimpigia wakiwa njiani, na alipowaona alikuja mbio kutoka karakana, uso umemsawijika. Nyuma yake kulikuwa na kindege kingine cheupe, pacha wa kile kilicholala kwenye mihogo.

"Kilikuwa kifanyiwe majaribio leo alasiri," Yohanes alisema. "Ruhusa ya kuruka tunayo, jina lako lipo. Kutoka hapa mpaka kiwanja cha Tunduru utamwacha Leonce mbali sana. Kutoka hapo mnatafuta bodaboda mpaka Nakapanya. Mafuta nimejaza. Nimepima, safi."

"Na injini?"

Yohanes alitazama pembeni.

"Yohanes, nakuuliza. Injini ya hii ilitoka wapi?"

"Kwenye lori lilelile."

"Umeifungua?"

"Ndiyo naanza kuifungua, Asumpta! Nipe mpaka jioni niifungue yote, niangalie kila kitu..."

"Jioni Romanus atakuwa ng'ambo."

"Na wewe nikikuruhusu sasa hivi je, utakuwa wapi?" Fundi yule mpole, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, alikuwa anapiga kelele. "Umeanguka asubuhi! Una jeraha kichwani! Unataka nikuokote mara mbili kwa siku moja?"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hasira ilimwachia nafasi kidogo, na kwenye nafasi ile hofu ikaingia. Aliona tena matuta yanavyomjia. Yeye mwenyewe angekubali. Angekwenda, hata kama ni kuanguka, kwa sababu ya Romanus. Lakini kiti cha pili kingekuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na mtoto shuleni ambaye kwa sasa hakuwa na mzazi mwingine karibu.

"Mama Ida," alisema bila kugeuka, "umemsikia Yohanes. Acha niende peke yangu. Nikifika nitamleta."

Alisikia mlango wa ndege unafungwa.

Brigita alikuwa ameshapanda. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, gauni lake la maua limekunjamana, anahangaika na mkanda asioujua. Alipouweza aliinua uso, akawatazama wote watatu kupitia kioo kilichokuwa wazi: Asumpta, Yohanes, na Victor aliyejikunyata nyuma yao.

"Nimemsikia," alisema. "Ukienda wewe peke yako, atakuuliza mke wangu yuko wapi. Utamwambia nini? Ameshaambiwa sitaki kumwona. Hataamini mtu mwingine. Lazima anione mimi."

"Na kama injini itazima?"

"Asubuhi ilizima, na umeshuka." Brigita alivuta mkanda mpaka ukambana. "Wewe rubani au dereva? Panda uendeshe!"

Asumpta alipanda. Akafunga mkanda wake. Yohanes alisimama mbele ya ubawa, akaondoa vizuizi vya magurudumu kwa mikono yake mwenyewe.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Ilinguruma vizuri, vizuri kabisa, kama injini ambayo haijawahi kumuua mtu. Wakakimbia kwenye lami, pua ikainuka, mapaa ya mji yakaanza kuteremka chini yao, na Brigita akashika kiti kwa mikono miwili, midomo inatamka jina la mumewe.

Ndipo redio ilipokwaruza. Ilikuwa sauti ya Yohanes, kutoka redio ya karakana, na hakuwa anaongea. Alikuwa analia.

"Asumpta, rudi! Victor amenificha kitu, amekisema sasa hivi. Leonce haendi Nakapanya peke yake. Kule Namtumbo anampitia mtu njiani, na mtu huyo ana bunduki!"